Jumamosi Niliyokata Fensi

Fensi iliyotenganisha ploti yetu na ya majirani ilikuwa ya saipresi. Waliipanda wanaume wawili, mume wangu na mzee wa nyumba ya pili. Tulikuwa tumenunua vipande vyetu vya ardhi karibu wakati mmoja, nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa barabara iendayo Malava. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini. Mume wangu aliendesha lori. Mzee alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na kwao hasa kulikuwa Matungu, ambako alikuwa na shamba la miwa. Yeye na mke wake walituzidi umri kwa miaka kama ishirini. Watoto wao walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani. Sisi hatukujaliwa mtoto, na ulifika wakati tukaacha kulizungumza jambo hilo.

Siku ya kupanda ile miche, mume wangu alitaka kuchimba mashimo kwa kukadiria tu. Mzee alikataa. Alikwenda nyumbani kwake, akaja na uzi wa waashi na vijiti viwili, akaufunga kutoka barabarani hadi nyuma kabisa kwenye migomba. Walichimba wakifuata uzi huo, na kila baada ya mashimo matano mzee alipiga magoti, akafunga jicho moja na kutazama kama mstari umenyooka. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimewaletea chai. Mzee akanipokea kikombe, akaniambia, "Mulamwa, huyu mume wako angejenga barabara, magari yote yangeingia mtoni."

Mulamwa ni shemeji kwa Kiluhya. Aliniita hivyo tangu siku ile, kwa sababu mume wangu alimwita kaka. Nami nilimwita mzee, na mke wake nilimwita mama.

Saipresi huota haraka kwenye mvua zetu. Baada ya miaka mitatu ilikuwa imefika kifuani, imeshikana vizuri, na kazi ya kuikata ikaanza. Kila mmoja alikata upande wake, halafu juu wakakata pamoja, wakisogea hatua kwa hatua huku wakipiga soga. Mzee ndiye aliyekuwa mwalimu. Nilimsikia akimweleza mume wangu kwamba saipresi si kama michongoma. Michongoma unaweza kuikata hadi kisiki, na mvua ikinyesha mara mbili imechipuka. Saipresi inataka kupunguzwa kidogo kidogo, kwenye kijani tu. Ukiikata mpaka kwenye mti wa ndani, pale palipo na rangi ya kahawia, haichipuki tena. Inabaki imekauka hivyo hivyo. Nilisikia maneno hayo nikiwa napita na ndoo, wala sikuyatilia maanani. Haikuwa kazi yangu.

Mume wangu alifariki katika ajali, akirudi na lori kutoka safari ya mbali. Sitasema mengi juu ya hilo. Wiki chache baada ya mazishi, Jumamosi asubuhi, nilikuwa bado kitandani nikasikia makasi yanakata nje. Nilifikiri kwa dakika moja hivi kwamba ni yeye. Nilipotoka, nilimkuta mzee upande wangu, amevaa gambuti na kofia yake ya kiwandani, anakata.

"Mzee, pole na kazi," nilimwambia. "Ningetafuta mtu."

"Mtu gani?" akasema. Hakuacha kukata. "Nilimwambia marehemu pale kaburini, fensi usiwe na wasiwasi nayo."

Tangu siku hiyo alikata pande zote mbili. Alistaafu kiwandani, akapata muda zaidi, na fensi ikawa inapendeza hata watu wapitao barabarani walisimama kuitazama. Mimi nilimpelekea chai na viazi vitamu, na siku nyingine nilimwekea chakula, obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, akala amekaa kwenye kigoda mbele ya jikoni. Mke wake aliwahi kupita akatukuta hivyo, akacheka, akasema, "Huyu ananiachia sufuria imejaa, anakuja kula kwako." Nilicheka pia. Baadaye, mambo yalipoharibika, nilikuja kuyakumbuka maneno hayo na kuyapa maana ambayo hayakuwa nayo.

Mambo yenyewe yaliharibika polepole. Ulifika msimu wa mvua za masika, mzee hakuja. Nilifikiri amesafiri. Mwezi ukapita, fensi ikaanza kutoa vichipukizi vya juu, virefu, vikiyumba yumba. Jioni moja, nikitoka kazini, nilimkuta mama langoni kwake akifunga komeo.

"Mama, habari za jioni."

"Nzuri, binti yangu. Umerudi salama?"

"Salama. Mzee haonekani siku hizi."

"Yuko Matungu. Anaangalia miwa."

Alijibu vizuri tu, ila alikuwa na haraka ya kuingia ndani. Nilimwambia amsalimie. Akasema salamu zitafika.

Niliondokanga nyumbani kabla ya saa moja asubuhi na kurudi karibu saa kumi na mbili. Jumapili nilikuwa kanisani hadi alasiri. Kwa hiyo yaliyokuwa yakitendeka ng'ambo ya fensi sikuyaona. Miezi ikaenda. Fensi ilinipita kimo, kisha ikapita kimo cha mlango. Kivuli chake kikaangukia kishamba changu cha sukuma wiki na kunde, mboga zikawa nyembamba na za manjano. Matawi yalinyoosha mikono hadi kwenye kamba yangu ya nguo. Nilimwendea mama mara ya pili.

"Mama, fensi imekuwa msitu sasa. Nyoka wataingia. Kama mzee hana nafasi, niite mtu aikate?"

Aligeuka akatazama fensi. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa ovyo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Upande wako kata," akasema. "Juu usiguse. Tafadhali."

"Kwa nini juu nisiguse?"

"Mzee anapendanga iwe hivyo."

Nilijua mzee hakupenda hivyo. Mtu aliyepima mstari kwa uzi wa waashi hawezi kupenda kitu kama kile. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na katika hasira hiyo nikapata maelezo yangu mwenyewe. Nikaamua kwamba mama amemkataza mume wake kuja kwangu. Kwamba alichoka kumwona akila jikoni kwa mjane. Kwamba ile fensi ameiacha iote makusudi ili tusionane. Nilimweleza mwenzangu mmoja ofisini, naye akanikubalia upesi: wanawake ndivyo walivyo, akasema, mume wako akishakufa kila mmoja anamfungia wa kwake. Nilipata faraja mbaya kutokana na maneno yale. Nikaacha kumsalimia mama. Tukikutana barabarani nilijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba.

Ijumaa moja mvua ya mawe ilinyesha alasiri. Niliporudi, tawi zima la saipresi lilikuwa limevunjika na kulala juu ya mboga zangu. Zile sukuma zilizobaki zilikuwa zimetoboka toboka na kubanwa kwenye matope. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kazini, nikasema kwa sauti kwamba imetosha.

Asubuhi yake kulikuwa na jua safi, kama iwavyo baada ya mvua kubwa. Nilitoa stoo ngazi ya marehemu na panga lake. Makasi yasingefaa, vile vichipukizi vilikuwa vimekwisha kuwa vijiti vya unene wa kifundo cha mkono. Nilianzia upande wa barabarani. Sikuwa na uzi wala mpango. Nilisimama kwenye vidato vya chini vya ngazi, nikiinama kukata chini kabisa, kwenye kimo cha kifua, pale ilipokuwa zamani, na kila tawi lilipoanguka nilihisi nafuu. Nilikata nikisogeza ngazi, nikikata nikisogeza. Utomvu wa majani ulinata mikononi.

Nilikuwa nimekaribia nusu nilipomsikia mama akiita kutoka ng'ambo, nyuma ya nyumba yao.

"Nani anakata?"

"Ni mimi," nikajibu.

"Binti yangu, ngoja! Ngoja kidogo tafadhali!"

"Nimengoja mwaka mzima, mama."

"Nakuomba. Usifike huku. Ngoja kwanza."

Sauti yake ilikuwa inatoka mahali pamoja, haikusogea. Nilitarajia kwamba kama jambo lilikuwa la maana angekuja hadi kwenye fensi tuongee. Hakuja. Nikalichukulia hilo pia kuwa dharau, kwamba ananipigia kelele kutoka alikoketi kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikasogeza ngazi hatua tatu kwa mpigo, nikapanda, nikapiga panga kwa nguvu. Lile tawi lilikuwa kubwa, na lilipoanguka liliburuta mengine mawili, yakaangukia upande wao. Mbele yangu pakafunguka.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, juu ya nyasi, jua likimpiga. Hakuwa na nguo. Kifua na miguu yake vilikuwa na povu la sabuni, na kando yake palikuwa na beseni na birika la maji ya moto. Mkono wa kulia ulining'inia kama si wake. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Mama alikuwa nyuma ya kiti, amemzungushia mkono mmoja kifuani ili asianguke mbele, na mkono wa pili ulikuwa na kitambaa cha kuogea. Ndiyo maana hakuja kwenye fensi. Angemwachilia, mzee angeanguka.

Macho yangu na ya mzee yalikutana. Sijui kwa muda gani. Nilipaswa kugeuka mara moja, lakini sikugeuka. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia panga mkononi mwangu, kisha akaangalia fensi, kuanzia pale niliposimama hadi barabarani. Halafu akainua mkono wa kushoto, ule uliokuwa unafanya kazi, akajifunika macho. Hakujifunika mahali pengine. Aliketi hivyo, amefunika macho, na sauti ikamtoka ambayo sijapata kusikia mtu mzima akiitoa.

Mama alivua leso yake ya juu akamfunika. Hakunitazama wakati akifanya hivyo. Alipomaliza ndipo akainua uso.

"Haya," akasema. "Sasa umeona."

Nilishuka kwenye ngazi. Niliketi chini katikati ya matawi niliyoyakata, na nikakaa pale mpaka niliposikia mlango wa nyumba yao ukifungwa.

Mchana wa siku hiyo nilichukua magunia yote yaliyokuwa stoo, nikayafumua, nikayashona pamoja kwa sindano ya magunia, nikayatundika kwenye visiki vya fensi ili kuziba lile pengo. Nilifanya haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika. Yalipokwisha kutundikwa niliita kwa ng'ambo, "Mama, nimeziba." Mvua ikanyesha, magunia yakalowa na kulegea katikati, nikayakaza tena asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Niliyakaza mara nyingi katika wiki zilizofuata. Hakuna aliyeyahitaji. Mzee hakutolewa nje tena.

Nilimchinjia kuku, nikampikia vizuri, nikapeleka. Kwetu huwezi kumwendea mtu uliyemkosea mikono mitupu, na kuku, ingokho, ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo. Mama alifungua mlango kiasi cha kutoa mikono.

"Asante," akasema.

"Naweza kumsalimia?"

"Amelala."

Nilikwenda tena wiki iliyofuata, alikuwa amelala. Nikaenda tena. Mara ya nne mama alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake, akanieleza tukiwa tumesimama. Alieleza bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo. Mzee alikuwa ameanguka shambani Matungu, katikati ya miwa, siku wakataji walipokuwa wakifanya kazi. Walimbeba. Alikaa hospitalini, kisha akakaa kwa ndugu zake huko, kisha akamwomba mke wake amrudishe Kakamega kwa sababu ndugu walikuwa wakileta watu kumtazama. Walimleta siku ya kazi, mchana, mimi nikiwa ofisini. Ulimi ulikuwa bado unaweza kusema maneno machache.

"Alichosema cha kwanza ni kwamba mulamwa asimwone," mama akasema. "Alisema, 'Nilimwahidi marehemu. Nitamwambia nini?' Nikamwambia wewe ni mtu mzima, utaelewa. Akalia. Ndipo nikamwahidi kwamba hutamwona mpaka apate nguvu. Fensi nikaiacha iote. Jua alilipendanga sana, nikawa namtoa asubuhi ukishakwenda kazini. Jumamosi nilikuwa namtoa pia, kwa sababu fensi ilikuwa ndefu."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia," akasema. "Na wewe ungeniuliza."

Ni kweli kwamba kwa mwaka mzima niliuliza habari za fensi.

Nilitaka angalau fensi ipone. Nilichimba kando ya mizizi, nikaweka mbolea ya ng'ombe, na nilipoona jua limekuwa kali nikamwagilia maji. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita nikitazama visiki kama kuna jicho la kijani. Upande wa barabarani, ambako mikono yangu ilikuwa haijachoka wala hasira haijapanda sana, matawi machache ya pembeni yalibaki na uhai. Kutoka hapo hadi kwenye lile pengo nilikuwa nimekata ndani kabisa ya kahawia. Ikakauka kisiki kwa kisiki, ikawa na rangi ya kutu. Aliyejua dawa yake alikuwa amelala chumbani hatua thelathini kutoka nilipokuwa, na hata kama angekuwa na ulimi najua angeniambia hakuna dawa.

Nilimwona mara moja tu tena. Mgongo wa mama ulikuwa umeshikwa, hakuweza kumgeuza kitandani, na binti yao anayeishi Lumakanda hakuwa amefika. Alikuja mwenyewe kwenye mlango wangu. "Njoo unisaidie," akasema, akatangulia. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya kuchua na mkojo. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mzee alikuwa amebaki mwepesi sana. Tulimgeuza, nikamshikilia mabega wakati mama akibadilisha shuka. Alikuwa ameelekeza uso ukutani. Nilisema, "Mzee, ni mimi, mulamwa wako." Sikuona dalili kwamba amesikia. Ila shingo yake ilikakamaa chini ya mkono wangu, na ikabaki hivyo mpaka nilipomlaza. Nilitoka nikanawa mikono kwenye bomba la nje, nikarudi kwangu.

Alifariki kabla ya mavuno ya mahindi. Walimzika Matungu. Nilikwenda na akina mama wa kanisa letu. Hema zilikuwa zimejaa, wazee wa kiwandani wamevaa kofia kama yake. Mfawidhi wa shughuli aliita majirani wa Kakamega wasimame waseme neno. Wenzangu wakanisukuma mbele kwa sababu ndimi niliyeishi karibu zaidi. Nilishika kipaza sauti. Nikasema kwamba marehemu alikuwa jirani mwema, kwamba mume wangu alipofariki alinitunzia boma langu bila kuombwa, kwamba hakuwahi kudai hata asante. Watu waliitikia amina. Mama alikuwa ameketi mbele, karibu na jeneza, kichwa ameinamisha. Nilimtazama nikingojea kitu fulani usoni mwake, sijui nini, na sikukiona. Nilirudisha kipaza sauti nikaketi. Yale mengine sikuyasema. Sijui kama palikuwa mahali pake, lakini najua kwamba nilifurahi kupata sababu ya kutoyasema.

Mama alihama mwezi uliofuata, kwenda kukaa kwa binti yake. Lori dogo lilikuja asubuhi. Nilikuwa tayari nimevaa nguo za kazi, nikasimama nikasaidia kubeba vyombo. Alikuwa na vitu vichache kuliko nilivyodhani. Kile kiti cha plastiki alikiacha kando ya ukuta, na dereva alipokishika akamwambia akiache. Tulipobaki wawili langoni nilijikaza.

"Mama, siku ile ya fensi. Naomba unisamehe."

Alikuwa akifunga funguo kwenye kitambaa. Alimaliza kufunga kwanza.

"Nilitaka dakika kumi tu," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kumsuuza mgongo. Dakika kumi ningekuwa nimemvika nguo, nimempeleka ndani. Halafu ungekata yote."

"Najua."

"Dakika kumi, binti yangu."

Akaniwekea mkono begani, kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika ili apande ngazi, kisha akaenda kwenye lori. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Nimejaribu kuuelewa ule mkono tangu siku ile. Kuna siku nadhani ulikuwa msamaha, na kuna siku nadhani alikuwa amechoka tu.

Ile nyumba sasa imepangishwa kwa vijana wawili waliooana juzi juzi, wote wanafanya kazi mjini. Mwenye kuisimamia alileta wafanyakazi wakang'oa saipresi yote, iliyokufa na iliyo hai, wakajenga ukuta wa matofali. Walinishirikisha gharama nikatoa fungu langu. Ukuta umenyooka, na mboga zangu zinapata jua la kutosha. Yule mke kijana ni mchangamfu. Juzi alipiga hodi, akaniuliza kama nina panga la kumwazima, kuna kichaka nyuma ya nyumba anataka kukipunguza. Nilimwambia sina. Akaniambia haidhuru, ataulizia kwingine, akaondoka akiimba. Nilibaki nimesimama mlangoni nikiona haya, kwa sababu panga lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na yeye hakuwa amenikosea chochote.